Herufi Kubwa za Sauti ya Pili

Hivi majuzi mhariri mmoja, kijana mpole sana wa maneno, alinirudishia makala yangu akiwa amezishusha herufi zote kubwa nilizompa Mungu. Nilikuwa nimeandika Yeye, Wake na Kwake kwa herufi kubwa kila mahali, hata katikati ya sentensi. Kijana huyo akazifanya ndogo zote, kisha akaniwekea maelezo pembeni kwamba Kiswahili hakina sheria hiyo, kwamba ni mtindo tu wa baadhi ya waumini, na kwamba wasomaji wa leo huona kama wanapigiwa kelele. Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia aziache herufi zangu jinsi zilivyo. Akauliza, kwa adabu ile ile, kama ni kwa sababu za imani. Swali hilo lilinikalisha asubuhi nzima hadi chai ikapoa, maana mimi si mtu wa dini kiasi hicho. Kanisani huenda Krismasi, na nikialikwa harusi.

Sababu zangu ziko Shauri Moyo, Nairobi, katika zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, tulimokulia, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Baba alitoka Ukambani, alikuwa dereva wa kiwanda kimoja pale Industrial Area. Mama alitoka Magharibi na aliuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hivyo Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya nyumba, kila mmoja akikivutia upande wa kwao. Waliposhindwa kuelewana kabisa walinyamaza, na kwa baba kunyamaza hakukuwa kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Angeweza kumaliza sahani ya ugali, akanawa, akalala, na neno pekee ulilosikia kwake ni "chumvi."

Mama alikuwa kinyume chake. Mama alikuwa sauti. Alinadi nguo Gikomba mchana kutwa, kisha akarudi nyumbani akiimba, na majirani walijua amefika kabla hajapinda kona. Katika kwaya ya kanisa letu aliimba sauti ya pili, ile ya wanawake wenye koo nzito, na sitaki kujifanya mnyenyekevu hapa: mamangu ndiye aliyekuwa nguzo ya safu ile. Akikohoa, safu nzima iliyumba. Alipokuwa jikoni alikuwa mama tu mwenye watoto na sufuria, lakini Jumamosi mchana akishavaa ile sketi ya buluu ya mazoezi, alirefuka.

Na hakujua kusoma. Shuleni alikwenda muda mfupi tu, kisha mdogo wake akazaliwa, akarudishwa nyumbani kumbeba. Gikomba haikumsumbua, kwa sababu pale hakuna anayekuomba usome. Kanisani ndiko alikohofia. Nyumbani tulijua baba na mimi, na tuliambiwa tufunge midomo. Mama aliamini kabisa kwamba siku kwaya itakapojua ndiyo siku atakayoondoka, na mimi nilimwamini.

Sasa, kwaya yetu haikuwa na vitabu. Nyimbo zilitungwa na mwalimu wa kwaya, mzee mmoja fundi wa viatu, na kila wimbo mpya uliandikwa kwenye karatasi ya manila ukatundikwa ukutani kwa misumari. Mzee alishika kijiti, akagonga mstari anaoutaka, watu wakaimba. Mama alishika nyimbo upesi kwa masikio, wimbo ukipigwa mara mbili anao. Shida ilikuja mzee alipoanza kurukaruka: "Turudi wa tatu! Sasa wa sita, sauti ya pili peke yenu!" Kwa mama, mistari ile yote ilifanana. Siku moja aliuvamia mstari wa nne kwa nguvu zake zote wakati wenzake wako wa pili. Alirudi nyumbani akasema koo linamuuma, na kwamba pengine umri wa kwaya umempita. Hata miaka thelathini na mitano alikuwa hajafikisha.

Baba hakusema kitu, kama kawaida yake. Lakini yeye ndiye aliyeandika zile manila. Hakuwa mwanakwaya, akiimba hata mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko wangeomba wachinjwe haraka. Ila alikuwa na mwandiko mzuri ajabu, mwandiko wa mtu aliyetaka kuwa mwalimu na karo ikakataa, na mzee fundi wa viatu alimtumia maneno ya wimbo kila mara ili ayanakili. Kila Jumamosi baba alirudi kutoka kazini saa za adhuhuri, akala amesimama, akaondoa kitambaa mezani, akaitandaza manila na kuweka kikombe kila pembe ili isijikunje. Halafu alifungua ile kalamu nene ya wino mweusi. Hata leo nikinusa wino wa aina ile dukani, nasimama kidogo.

Jumamosi iliyofuata, wimbo ulisema hivi: asubuhi tukiamka, fadhili zake ziko mlangoni. Baba aliandika "Zake" kwa Z kubwa, nene, akaipitia mara mbili. Mstari wa pili ulikuwa na neno "yeye", akaikuza Y. Wa tatu ulikuwa na "mikononi mwake", akaikuza M ya "mwake". Akamwita mama, akaweka kidole. Y, alimwambia, ni mtu ameinua mikono. Z ni kiti kilichopinduka. M ni vile vilima vya kwenu. Wa kwanza una kiti, wa pili una mtu, wa tatu una vilima. Mama aliinama pale mezani, akaenda na kidole chake juu ya wino ambao haujakauka vizuri, akajichafua, akacheka. Jumamosi hiyo mzee aligonga popote alipotaka na mama alikuwa hapo hapo.

Basi ikawa hivyo. Mungu ametajwa katika kila mstari wa wimbo wa kanisa, au anaweza kutajwa ukijitahidi, na pale alipokosekana baba aliongeza neno. Mzee fundi wa viatu hakugundua kamwe kwamba nyimbo zake zilikuwa zinaongezewa uchaji njiani.

Aliyegundua herufi alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyependa kujua sababu ya kila jambo. Alimkamata baba mlangoni akauliza: hizi herufi kubwa katikati ya maneno ni za nini? Ilikuwa mara moja tu maishani nilipomsikia baba akitoa hoja. "Mzee," alisema, "mkurugenzi wetu pale kazini anaandikwa kwa herufi kubwa kila mahali, mpaka kwa mlango wa choo. Sasa Mungu?"

Mzee wa kanisa alilibeba jibu hilo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Alilisimulia mimbarani. Kabla mwaka haujaisha, akina mama walikuwa wanashona "Yeye" ya Y kubwa kwenye vitambaa vya makochi. Muumini mmoja mwenye bucha Kiamaiko aliandika ukutani, kwa rangi nyekundu, KWA NEEMA YAKE NYAMA IPO, na kwa kuwa maneno yote yalikuwa makubwa tayari, ile Y akaifanya kubwa kuliko mbuzi aliyechorwa kando yake. Mimi nilikatwa alama shuleni kwenye insha kwa sababu ya Wake na Kwake. Nilimwonyesha baba ile insha yenye alama za kalamu nyekundu, naye akacheka bila sauti mpaka akavua miwani. Kanisa zima lilikuwa na fundisho, na fundisho hilo lilizaliwa mezani kwetu ili mamangu asipotee mstari.

Miaka ikaenda. Mzee fundi wa viatu aliishiwa nguvu za miguu, kwaya ikapata mwalimu mpya, kijana aliyefundisha shule moja Mukuru kwa Reuben. Tulimpenda, na sitamgeuza adui leo kwa sababu hadithi inataka adui. Alikuja kwa miguu akikatiza viwanda vyote vile, viatu vina vumbi, na bado akafika anatabasamu. Wakati huo mimi nilikuwa msichana mkubwa wa sauti ya kwanza, na nusu ya wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa wanataka kuolewa naye. Alitufundisha kupumua. Alitufundisha kuanza polepole ili tuwe na pa kupandia.

Jumamosi moja alisema kwamba kuanzia sasa manila ataandika mwenyewe, asimsumbue baba yangu anayetoka kazini amechoka. Na akaongeza, kwa nia njema tu, kwamba ataacha hizi herufi kubwa za katikati, maana si Kiswahili sawasawa na zinawachanganya watoto shuleni. Nilimtazama mama upande wa pili wa chumba. Alikuwa anatazama ukuta.

Wiki iliyofuata karatasi ya mwalimu ilitundikwa. Ilikuwa safi, mistari imenyooka, na hakuna kiti, hakuna mtu, hakuna kilima. Mwalimu aligonga mstari wa tano. Mama akaimba wa tatu. Watu walicheka kidogo, kicheko cha kawaida tu ambacho mtu yeyote angechekwa, lakini niliona shingo yake ikiinama. Alishika koo, akaomba ruhusa, akatoka nje.

Nyumbani mama alizigonga sufuria jioni hiyo. Baba alijaribu kusema kitu, kwamba anaweza kwenda kuongea na mwalimu kando, na mama akamkata. "Umwambie nini? Ukisema moja atauliza mbili. Mimi naacha hiyo kwaya. Nimeimba ya kutosha." Aliikunja ile sketi ya buluu akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi za wageni. Sijawahi kuumia kwa ajili ya mtu jinsi nilivyoumia jioni ile. Nilitaka kwenda Mukuru kwa miguu yangu nikamtoe yule mwalimu nyumbani kwake.

Aliyetuokoa bila kujua alikuwa mzee wa kanisa. Habari za herufi zilipomfikia aliwaka. Alitaka mkutano, wanakwaya wote, wakiwamo wagonjwa wa koo. Mama hangeweza kukataa mwito wa mzee wa kanisa, kwa hivyo akaja, amevaa nguo za sokoni ili ieleweke kwamba hakuja kuimba. Baba naye alikuja, akasimama karibu na mlango. Chai ilipikwa, ngumu zikapitishwa, yale mandazi makavu ambayo ukitupa moja linaweza kumwumiza mtu.

Mzee alisema alichosema siku zote: heshima. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila dharau, "Mzee, tukiimba 'anatupenda', ni nani anatupenda?"

"Mungu."

"Na yuko wapi kwa hilo neno? Si yuko ndani ya hiyo 'a' ya mwanzo? Mbona hapo tumemwacha mdogo?"

Mama mmoja akasema basi na hiyo ikuzwe. Mwingine akasema tukikuza zote karatasi haitatosha. Kijana wa sauti ya nne, mtundu wa kuzaliwa, akainua mkono: "Na yule msee wa huko chini motoni, mwalimu? Jina lake si pia inaanza na kubwa? Kwani tunamheshimu?" Kukawa na zogo. Mtu alisema kwao Magharibi kanisa lao haliandiki hivyo na mvua inanyesha vizuri tu. Mtu akamwambia basi arudi huko. Mwalimu alipiga makofi, akasema tupige kura kwa mikono, kitakachoamuliwa na wengi atakifuata kwa moyo mweupe.

Niliona baba akisogea mbele kutoka pale mlangoni, hatua moja, mbili, akijisafisha koo. Yeye, baba yangu, alikuwa anataka kuhutubia watu. "Mwalimu," alisema, "hiyo maneno ya herufi... ni mimi..."

"Wewe kaa," mama alisema.

Alisimama. Alizungusha leso mkononi mara kadhaa, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya Gikomba. "Mzee wa kanisa anisamehe. Mwalimu pia. Hizo herufi si za Mungu. Ni zangu." Hakuna aliyetafuna. "Mimi sijui kusoma. Hata 'a' hiyo mnabishania, mimi siioni. Huyu mzee wangu ndiye aliniwekea hizo kubwa nijue mstari ni gani. Mambo ya heshima mliweka nyinyi. Sasa nimesema. Nikitoka, natoka na ukweli."

Alianza kukusanya kikapu chake. Ndipo jirani yake wa safu, mama mnene aliyeuza mboga karibu na stendi na aliyesimama ubavuni mwake miaka yote ile, alipoweka kikombe chini kwa kishindo. "Dada, keti," alisema. "Sasa hiyo ni habari? Kwani hiki kiwiko nakudunga nacho kila Jumamosi ulidhani ni cha nini? Nilikuwa nakudunga bure?"

Na mwingine wa nyuma: "Mimi nakukanyaga mguu mstari ukianza. Ulidhani mimi ni mjinga wa miguu?"

Safu nzima ya sauti ya pili ilijua. Walijua tangu zamani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mwenzake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayeilinda siri. Walianza kutazamana, kisha wakaanza kucheka, wakamvuta mama katikati yao akaanguka kwenye benchi, na hapo akalia kwa kelele, kilio kilichofika barabarani, huku anacheka pia. Mimi nilikuwa nimeshalia kitambo.

Mzee wa kanisa alikuwa amebaki amesimama. "Kwa hivyo," alisema polepole, "miaka hii yote mimi nimekuwa nikihubiri viwiko vya kina mama?" Akakaa, akachukua ngumu, akaitazama. "Basi hata kama ni hivyo, mimi nimeshazizoea."

Kura haikupigwa. Mwalimu aliitoa kalamu nene mfukoni, akaenda hadi mlangoni akampa baba kwa mikono miwili. Halafu akaja akachuchumaa mbele ya mama, akamwambia kwamba siku za katikati ya wiki kuna darasa la gumbaru hapo hapo ukumbini, la watu wazima, na yeye mwenyewe ndiye anafundisha; aje tu, hakuna atakayemcheka. Mama alipangusa uso, akamshukuru sana, akasema ataenda.

Hakuenda. Mwalimu alimkumbusha, mama wa mboga akajitolea kumsindikiza, hata mimi nilimnunulia penseli. Kila mara alikuwa na nguo za kufua, au mgeni kutoka nyumbani, au mgongo. Sketi ya buluu ilitoka sandukuni, na baba aliendelea kutandaza manila kila Jumamosi, miaka na miaka, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka na mistari ikawa inashuka upande mmoja. Hata hapo hakumwachia mtu kalamu.

Baba alitutoka. Kwaya siku hizi hupokea maneno kwenye simu, kila mtu anatazama kiganja chake, na mama huimba zile za zamani akiwa amefumba macho. Anakataa kuhama Shauri Moyo, ingawa majirani wengi wa enzi zetu wamekwisha kwenda. Jumapili iliyopita nilikuwa kwake, tumekaa mlangoni tunachambua mboga za managu, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kwa nini hakwenda gumbaru. Siri ilikuwa imekwisha. Mwalimu alikuwa mwema. Darasa lilikuwa bure.

Aliendelea kuchuma majani, akitupa vikonyo kwenye beseni.

"Baba yako," alisema, "uliwahi kumsikia ananiambia kitu tamu? Hata siku moja?"

Nilifikiria. Nikasema hapana.

"Lakini Jumamosi alikuwa anatoka kazi amechoka, anainama hapo kwa meza, anatafuta kila mahali mimi naweza potea, anaweka kitu kubwa hapo." Alitupa kikonyo kingine kwenye beseni. "Sasa ningejua kusoma, angeniandikia tena?"